Walatino wanaingia chuo kwa wingi, sasa tuwaongelee wanaotoka bila cheti

Kila ikifika mwezi wa tano mitandaoni kunajaa picha za vijana wa Kilatino wa huku Marekani, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wamevaa majoho, shingoni wana ile shali iliyoandikwa kwamba ndo wa kwanza kwao kumaliza chuo, mama pembeni analia, baba kavaa shati jipya. Nazipenda sana hizo picha. Ila kuna wenzao walioanza nao siku moja, kampasi moja, ambao kwenye picha hawamo, na hao ndo nataka tuwaongelee, kwasababu habari yao haisemwi sana na mambo yaliyowatoa chuoni mengi ni madogo kiasi kwamba ukiyajua inauma.

Tuanze na hesabu kidogo. Sensa ya 2020 ilikuta Walatino milioni 62.1 nchini Marekani, yaani karibu mtu mmoja kati ya watano. Kuingia chuo wanaingia, idadi imekuwa ikipanda kwa miaka mingi. Kumaliza ndo penye kazi. Ukichukua walioanza vyuo vya miaka minne mwaka 2010, wakiwa fultaimu na ndo mara yao ya kwanza, ukawapa miaka sita, Walatino waliomaliza hapohapo walipoanzia ni asilimia 54, wazungu ni 64. Na hapo tunaongelea wale wenye afadhali, maana hesabu yenyewe inawaangalia walioanza fultaimu tu, wakati Walatino wengi wanaanzia komyuniti koleji, vile vyuo vya miaka miwili vya ada nafuu, wanachukua masomo mawili semista hii, moja semista ijayo, huku wanapiga kazi mgahawani au kwenye maghala, hao wala hawamo kwenye hiyo asilimia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Hawa vijana kwa sehemu kubwa hawatoki kwasababu hawana akili, na ndoto wanazo hadi za kugawa. Wanatoka kwasababu ya vibili, kwasababu ya makaratasi, na kwasababu pale chuoni hakuna mtu hata mmoja anayewajua kwa jina. Vyote vitatu dawa yake inajulikana na imeshajaribiwa ikafanya kazi, kwahiyo chuo kinachowapoteza kwa mambo haya mwaka hadi mwaka kimechagua kuwapoteza.

Sasa hawa "wa kwanza kwao" ni kina nani hasa? Kwa sheria ya elimu ya juu ya Marekani ni mwanafunzi ambaye mzazi wake hakuna aliyemaliza digrii ya kwanza. Na ukisema Mlatino unakuwa umeweka watu tofauti sana kwenye kapu moja. Kuna Wamexico wa bonde la Rio Grande kule kusini mwa Texas ambao mababu zao walikuwepo pale kabla mpaka haujasogezwa mwaka 1848. Kuna Wapuerto Rico wa Bronx, New York, hao ni raia wa Marekani tangu 1917, hawana shida ya makaratasi ya uhamiaji ila umaskini wanaujua vizuri. Kuna Wasalvador wa Los Angeles, Wadominika wa Manhattan ya juu, Wavenezuela waliofika Houston juzijuzi tu. Ndani ya nyumba moja unaweza kukuta mtoto wa kwanza hana makaratasi, wa pili na wa tatu ni raia, mama ana kibali cha muda. Kwahiyo msaada unaodhani wote hawa ni mtu mmoja unaanza vibaya, na mara nyingi unaanza vibaya kwenye fomu.

Fomu yenyewe inaitwa FAFSA, ndo unaombea msaada wa masomo wa serikali kuu. Nimeshakaa jioni nyingi maktaba ya mtaa nikisaidia familia kuijaza, na kuna meza moja naikumbuka vizuri. Binti ana laptop ya kuazima shule, mama katokea kazini moja kwa moja, bado ana sare ya usafi ya hoteli, kashika folda la plastiki lina makaratasi ya kodi yamepangwa kwa mwaka, kila mwaka una klipu yake. Binti anasoma swali kwa Kiingereza, kimya kidogo, anageuka anamwambia mama yake kwa Kispanyola, "Mami, hawataki za mwaka jana, wanataka za mwaka juzi." Mama anachomoa karatasi bila hata kuangalia mara mbili. Mtu anayesema hizi familia hazijali elimu akae kwenye hiyo meza dakika kumi tu. Halafu wakafika kwenye namba ya sosho sekyuriti ya mzazi, ile namba ya utambulisho ya serikali. Mama hana. Kodi analipa kila mwaka kwa ile namba maalum wanayopewa wasio na sosho, ila sosho hana. Binti akaacha kuchapa.

Pale ndo watu walikwama kwa maelfu msimu ule wa 2024. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuirahisisha fomu mwishoni mwa 2020, wazo zuri kabisa, maswali yapungue. Ila fomu mpya ambayo kawaida hufunguliwa mwezi wa kumi ilikuja kufunguliwa siku za mwisho kabisa za Desemba 2023, tena inazimazima, na mfumo ukawa haumruhusu mwanafunzi kumaliza mtandaoni kama mzazi wake hana sosho. Miezi ikapita mpaka machi huko ndo wakaanza kurekebisha. Zamani mzazi wa hivo alijaza sifuri tupu, akachapisha ukurasa wa sahihi akatuma kwa posta, basi. Safari hii akatakiwa afungue akaunti yake na athibitishe yeye ni nani kwa kujibu maswali yanayotoka kwenye historia ya mikopo, mtu ambaye hajawahi kukopa benki hata siku moja. Mtoto ni raia, haki yake ni kamili kisheria, ila kaungua kwa makaratasi ya mzazi. Na hapo sijaongelea hofu, maana kumwambia mzazi asiye na makaratasi aandike jina na anuani yake kwenye tovuti ya serikali sio jambo la kumalizwa na kipeperushi.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya kuingia chuo wakati mimi naongelea kubaki. Ndo kosa linalofanyika kila mahali. FAFSA inajazwa KILA MWAKA. Shule ya sekondari inamshika mkono mtoto mara ya kwanza, kuna usiku wa fomu, kuna pizza, kuna mwalimu wa ushauri. Mwaka wa pili yuko peke yake na hakuna pizza. Akipitiwa na tarehe, msaada unachelewa, bili ya ada inakuja nzima kama ilivyo, na anayeipokea nyumbani ni mama ambaye anaiona ile tarakimu anamwambia mwanae pumzika kwanza mwaka mmoja tujipange. Wengi hawarudi baada ya hapo.

Tuingie kwenye pesa yenyewe sasa. Msaada mkubwa wa serikali kuu kwa watoto wa familia maskini ni Pell, umepewa jina la seneta Claiborne Pell wa Rhode Island, haurudishwi. Kiwango cha juu kabisa ni dola 7,395 kwa mwaka na kimekaa hapohapo tangu mwaka wa masomo 2023. Kwenye komyuniti koleji nyingi hiyo inafunika ada na inabaki kidogo ya vitabu. Ila kodi ya nyumba, mafuta ya gari, chakula, bima, simu, hivyo havisubiri. Waliosoma vyuo vikuu Tanzania wanajua maisha ya kusubiri boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, sasa chukua yale maisha halafu ongeza kwamba kijana huyu pia anachangia kodi ya nyumba ya wazazi na ndo anayemnunulia mdogo wake viatu vya shule.

Sheria za hiyo pesa zina mitego ambayo mtoto aliyekulia nyumba ya wasomi anaambiwa na dada yake au baba yake mezani, na huyu wetu haambiwi na mtu. Ukianguka chini ya GPA ya 2.0, yaani wastani wa maksi zako, au ukawa umemaliza pungufu ya theluthi mbili ya masomo uliyojiandikisha, vyuo vingi vinakukatia msaada. Kwahiyo kuacha somo sio bure hata kama hujafeli, linahesabika kama ulijiandikisha na hukumaliza. Alafu kuna hii ambayo kwangu mimi ni kali kuliko zote: ukiacha masomo yote kabla semista haijapita asilimia 60, kwenye semista ya wiki 15 ni kama wiki ya tisa, chuo kinapiga hesabu ya pesa ambayo "hukuifanyia kazi", sehemu inarudishwa serikalini, na mara nyingi chuo kinageuka kukudai wewe lile pengo.

Chukua kijana mmoja wa aina ninayowaona sana, nitaeleza bila jina. Anafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Wiki ya sita baba yake kaanguka kazini, juu ya paa, mguu umevunjika, na hana bima. Kijana akaongeza masaa kazini. Masomo akayaacha, tena hakwenda ofisi yoyote, alisitisha tu kwenda. Kwa akili yake alikuwa anafanya jambo la heshima, hataki kumsumbua mtu. Miezi mitatu baadae baba kapona, kijana anataka kurudi, anafungua ukurasa wa kujiandikisha anakuta akaunti imefungwa, anadaiwa dola mia sita na kitu. Hana. Na hajui kwamba kuna ofisi angeweza kwenda wiki ileile ya sita akaeleza, wakampa barua, wakapunguza masomo badala ya kuacha yote, labda hata wakamtafutia hela ya dharura. Hakujua kwasababu hakuna aliyewahi kumwambia na yeye hakujua kama ni kitu cha kuuliza. Hakudisko huyu, mitihani alikuwa anaiweza vizuri. Katolewa na mia sita.

Georgia State University ya Atlanta waliliangalia hili kwa macho makavu. Wakaona kila semista wanawafuta wanafunzi kwenye usajili kwasababu ya salio la ada ambalo mara nyingi ni dola mia kadhaa tu, watoto ambao masomo yanawaendea vizuri na wengine wamebakiza kidogo wamalize. Wakaanzisha utaratibu wa kulilipa salio wenyewe, na mwanafunzi wala haombi, chuo ndo kinamtafuta kinamwambia tumeona deni lako, njoo uongee na mshauri, tunalimaliza. Kile kitendo cha chuo kuanza kumtafuta mtoto naomba ukishike, nitakirudia.

Kuna hesabu za maandalizi pia, hapa nitapita haraka. Kwa miaka mingi komyuniti koleji ziliwapa wanaoingia mtihani wa kuwapima, wakishuka wanawekwa kwenye hesabu na Kiingereza vya chini ambavyo havihesabiki kwenye digrii ila vinakula pesa na muda. Walatino walijaa huko. California ilipitisha sheria 2017 ya kuvibana vyuo vyake viwaweke watoto moja kwa moja kwenye somo lenyewe wakiwa na msaada pembeni, na hiyo ilikuwa sahihi.

Sasa familia, na hapa naomba uvumilivu kwasababu ndipo ninapotofautiana na watu wengi wenye nia njema. Nadharia kubwa ya kwanini wanafunzi wanaacha chuo iliandikwa na Vincent Tinto mwaka 1975, na ilivyoendelezwa miaka ya 80 ikawa na wazo kwamba mwanafunzi akifika chuo inabidi ajitenge na alikotoka, apite kipindi cha mpito, ndo aingie kwenye jamii mpya ya chuo. Tinto mwenyewe baadae alirekebisha akakubali kwamba wengine wanabaki chuoni kwasababu ya nyumbani kwao. Ila vyuo mpaka leo vinaendeshwa kwa lile wazo la mwanzo hata kama hakuna anayelitaja. Mtoto anaambiwa hamia bwenini, jiunge na vilabu, jitegemee, usiende nyumbani kila wikiendi. Mshauri anamwona binti anarudi nyumbani kila ijumaa kumpeleka bibi yake kliniki ya figo na kumtafsiria daktari, anamwambia inabidi ujifunze kujiweka wewe kwanza.

Binti wa watu atamsikiliza vipi huyo? Bibi ndo kamlea. Ukimwambia achague kati ya bibi na chuo atachagua bibi, na mimi siwezi kumlaumu, na wewe ukiwa mkweli huwezi. Swali la kuuliza ni kwanini chuo kimempangia somo la lazima ijumaa mchana peke yake, kwanini hakuna lingine jumanne jioni.

Laura Rendón, mtu wa Laredo Texas, mpakani kabisa, aliyeanzia naye komyuniti koleji, mwaka 1994 alikuja na jibu ambalo mimi naliona ndo la kweli zaidi. Alisikiliza wanafunzi wa aina hii akakuta waliojiona hawafai walibadilika pale mtu fulani, mwalimu, mfanyakazi wa chuo, au hata mtu wa nyumbani, alipowafuata YEYE na kuwaambia unaweza, kazi yako nimeiona, hapa ni kwako pia. Uzito uko kwenye nani anaanza. Mfumo wa kawaida unasema milango iko wazi, mwenye shida aje. Na mtoto wa kwanza kwao hatakuja. Amelelewa kwamba mwalimu ni mtu wa kuheshimiwa, humsumbui, ukimfuata ofisini maana yake umeshindwa au umefanya kosa. Yale masaa ambayo profesa anatangaza atakuwa ofisini kwake, wanafunzi wengi wa hivi wanadhani ni muda wa profesa kufanya kazi zake na asisumbuliwe! Mtoto wa daktari yeye anaenda wiki ya pili, anajitambulisha, anacheka na profesa, na semista ijayo ndo anayepewa kazi ya kusaidia maabara.

Kuna utafiti wa Nicole Stephens na wenzake, ulitoka 2014, sio wa Walatino peke yao ila unawahusu. Wanafunzi wapya waliwekwa kwenye kikao cha kama saa moja, wakubwa zao wakaongea kuhusu maisha ya chuo. Kundi moja lilisikia hadithi za kawaida, kundi jingine likasikia wakubwa, wa familia zilizosoma na zisizosoma, wakieleza walikotoka kuliwaletea shida gani na nguvu gani. Wale wa kwanza kwao waliosikia hadithi za pili wakamaliza mwaka na maksi nzuri zaidi na walikuwa wepesi zaidi kwenda kuomba msaada. Hakuna aliyewaficha kwamba wametoka mahali tofauti. Nadhani hilo ndo vyuo vinaliogopa, kulisema wazi.

Na wazazi waletwe ndani, kwa lugha yao. Namaanisha kikao cha jumamosi asubuhi kwa Kispanyola, kuna chakula, kuna sehemu ya watoto wadogo, na mtu anaeleza kwa utulivu kwamba wiki ya mitihani mwanao akikosa chakula cha jioni nyumbani siku nne mfululizo hajawadharau, kwamba barua yenye maneno haya ni ya kupuuza na yenye maneno haya ni ya kukimbizana nayo. Mzazi akishajua kalenda ya chuo anakuwa mlinzi wa hiyo kalenda kuliko ofisi yoyote.

Tunaoongea Kiswahili tulioko huku tuna sababu ya kulifuatilia hili kwa karibu, maana watoto wa familia za Kikongo zilizopokelewa kama wakimbizi Texas, Arizona, Kentucky, wanakaa darasa moja na hawa vijana na hadithi ni ileile, mtoto wa miaka kumi na mbili ndo mkalimani wa hospitali, wa benki na wa mwenye nyumba, kisha anafika kumi na nane tunamwambia nenda chuo kajisimamie. Walatino wametangulia, wamepigania vitu ambavyo na sisi tunavitumia.

Kimojawapo ni mradi wa Puente. Ulianza 1981 kwenye Chabot College, komyuniti koleji ya Hayward California, ukianzishwa na Felix Galaviz na Patricia McGrath, na muundo wake ni rahisi mno. Mwaka mzima wa somo la uandishi wa Kiingereza, kundi lilelile, mnasoma na maandiko ya Walatino wenyewe. Mshauri mmoja anakaa na hilo kundi mpaka wanahamia chuo kikuu. Na kila mmoja anapewa mlezi kutoka mtaani, mtu mwenye kazi yake aliyepita njia hiyohiyo. Umesambaa California na uko wazi kwa mwanafunzi yeyote. Kilichonigusa kwenye Puente ni kwamba walichagua somo la uandishi, somo linaloangusha wengi mwaka wa kwanza, wakaweka msaada PALE, badala ya kufungua ofisi nyingine gorofa ya tatu yenye bango zuri.

Kingine ni ASAP, mpango wa kuwasaidia wanafunzi wamalize, wa vyuo vya jiji la New York, CUNY, kilianza 2007. Hiki sio cha Walatino ila ukienda komyuniti koleji za Bronx kama Hostos, iliyopewa jina la mwanafikra wa Puerto Rico Eugenio María de Hostos, utajua kinamgusa nani. Masharti yake mwanafunzi asome fultaimu. Naye anapewa mshauri mwenye wanafunzi wachache anayemwona mara kwa mara, ada iliyobaki baada ya msaada inafutwa, anapewa kadi ya treni na basi ya mwezi, vitabu, na walimu wa ziada. Shirika la utafiti la MDRC wakakipima kwa njia ya bahati nasibu, yaani wenye hali sawa wamegawanywa, wengine wamepewa wengine hawajapewa. Baada ya miaka mitatu waliopewa walimaliza asilimia 40, wasiopewa 22. Ohio wakakiiga kwenye komyuniti koleji tatu na wao kiwango cha kumaliza kikapanda karibu mara mbili. Ndio, kwa kichwa kinagharimu zaidi, ila MDRC walipogawa gharama kwa idadi ya waliomaliza wakakuta kila digrii imetoka kwa bei ndogo kuliko kawaida.

Kadi ya treni jamani. Mshauri aliyekuwa akigawa hizo kadi alikuwa anaonana na mwanafunzi kila mwezi, kadi ndo ilikuwa inamleta ofisini, akishafika wanaongea mengine yote. Hivo ndo unavyomfuata mtoto bila kumwaibisha.

Sasa siasa, haikwepeki. Kuna hadhi inaitwa HSI, yaani chuo kinachohudumia Walatino, ilitambuliwa na bunge 1992 baada ya kazi kubwa ya umoja wa vyuo wa HACU ulioanzishwa San Antonio 1986. Chuo kikiwa na Walatino angalau asilimia 25 ya wanafunzi wa digrii ya kwanza, na kina wanafunzi maskini wengi, kinaweza kuomba ruzuku maalum. Lawama yangu kwa vyuo ni kwamba kigezo kinahesabu wanaoingia, hakiulizi wangapi wametoka na cheti, na vipo vyuo vinavyoitangaza hiyo hadhi kila septemba na oktoba kwenye mwezi wa turathi kwa ngoma na vyakula wakati mshauri mmoja ana mamia ya wanafunzi. Ngoma ni nzuri na watoto wanafurahi, ila pesa ya hadhi hiyo ilitakiwa kwenda kwa mshauri.

Lakini kilichofanyika 2025 ni kibaya zaidi ya hapo. Mwezi wa sita jimbo la Tennessee pamoja na kundi la Students for Fair Admissions, linalopinga kabila kuangaliwa kwenye udahili wa vyuo, walikwenda mahakamani kuipinga HSI wakisema ni ubaguzi, serikali kuu ikakataa kuitetea, na septemba wizara ya elimu ikatangaza inazuia takribani dola milioni 350 za vyuo vinavyohudumia makabila ya wachache, vya HSI vikiwemo. Hoja ya wapinzani naielewa, wanasema asilimia ya kabila isiwe tiketi ya pesa. Ila ile pesa hapewi Mlatino mkononi, inapewa chuo, na maabara au mshauri akiajiriwa kwa pesa hiyo mtoto wa kizungu maskini wa chuo hichohicho anamtumia sawasawa. Mwezi uleule wa sita Texas, jimbo la kwanza mwaka 2001 kuwaruhusu watoto wasio na makaratasi waliosomea sekondari zake walipe ada nafuu ya wakazi wa jimbo, ikakubali siku ileile iliyoshtakiwa na serikali kuu kwamba sheria yake ifutwe. Mtu alikuwa amebakiza mwaka mmoja, kaamka ada imepanda mara kadhaa. Na wasidanganyike watu kwamba DACA, ule mpango wa kibali cha muda kwa walioletwa Marekani wakiwa watoto, itawaokoa, ile inamtaka mtu awe alishakuwepo Marekani katikati ya 2007, anayemaliza sekondari leo wakati huo alikuwa hajazaliwa au mchanga.

Kwahiyo hela za juu zinapungua, na chuo kinachotaka kuwabakisha watoto hawa kitabidi kipange vizuri kile kilichopo. Mimi ningeanza na orodha ya waliofungiwa usajili kwa deni chini ya dola elfu moja, kila semista, itolewe hadharani, na mkuu wa chuo aulizwe kuhusu hiyo orodha kama anavyoulizwa kuhusu timu ya mpira. Ningemchukua mwalimu wa somo linaloangusha wengi mwaka wa kwanza nikampunguzia vipindi ili awapigie simu wanaokosa wiki mbili mfululizo, wiki ya nne na ya sita, sio baada ya mtihani. Ningerudisha ule usiku wa FAFSA kwa wa mwaka wa pili na wa tatu, maktaba ya mtaa, kwa Kispanyola, na pizza iwepo.

Na kwa mzazi au kijana anayesoma hapa, Mlatino, Mkongo, Mtanzania, yeyote: uliza kama chuo chako kina TRIO Student Support Services, ule mpango wa serikali kuu wa kuwasaidia wanafunzi wabaki chuoni. Ipo tangu 1968, haiangalii kabila, inaangalia kama ni wa kwanza kwenu, kama kipato ni kidogo, au kama una ulemavu. Nafasi ni chache na zinajaa, kwahiyo nenda wiki ya kwanza ya semista kabla hujawa na shida yoyote, uingie kwenye daftari lao, umjue mtu kwa jina na yeye akujue. Ukishaambiwa nafasi zimejaa omba uandikwe kwenye wanaosubiri na urudi wiki ya tatu, maana wiki ya tatu kuna walioacha chuo na viti vimebaki wazi.